Kihisi hakijibu, loga inaandika NAN: jinsi ya kutafuta tatizo kwenye laini ya SDI-12

Swali ni lile lile, anayeuliza ndiye anayebadilika: "Nimefunga kihisi, programu imepanda bila kosa, lakini safu nzima ya data ni NAN. Kihisi kimeungua?" Loga ni kifaa kinachorekodi data, na NAN ("not a number", yaani si namba) ndiyo inayoandika isipopata kipimo. Kihisi usikizike kabla hujakiita jina. Kihisi kilichokufa kweli kipo, ila kiweke mwisho kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Mbele yake wapo umeme, waya, anwani na programu, na mpangilio ulioko hapa chini umewekwa makusudi ili usipande mlingoti mara mbili kwa kosa moja.

Nazungumzia vihisi vya SDI-12, yaani vinavyoongea na loga kwa mfumo wa mawasiliano wa jina hilo, kwa sababu ndivyo utakavyovikuta kwenye vituo vingi vya hali ya hewa, kina cha mito na unyevu wa udongo. Hata vituo vya TAHMO, mtandao wa vituo vya hali ya hewa vinavyofungwa shuleni Kenya, Uganda na kwingineko Afrika, hutumia kihisi cha hali ya hewa cha ATMOS 41, na hicho nacho huongea SDI-12. Kwa upande wa loga nitatoa mifano ya CR1000X na CR300 za Campbell Scientific. Kama yako ni nyingine, majina ya terminali na menyu yatatofautiana, lakini kazi ni hiyo hiyo. Kihisi chako kikiwa cha mfumo mwingine wa mawasiliano, Modbus kwenye RS-485, soma sehemu ya umeme tu, mengine hayakuhusu.

Andaa hivi kabla ya kuondoka

- Multimita yenye betri nzima. Ijaribu nyumbani, usingoje kufika mtoni.
- Bisibisi ndogo bapa inayoingia kwenye skrubu za loga.
- Kompyuta mpakato yenye programu ya loga, pamoja na kebo ya USB unayojua inapitisha data. Kebo nyingi za kuchajia simu hazipitishi.
- Maelekezo ya mtengenezaji ya kihisi chako, modeli ile ile na toleo lile lile, yakiwa yameshapakuliwa. Huko uendako huenda mtandao haushiki.
- Kebo fupi ya nyaya tatu, mita moja inatosha.
- Betri ya volti 12 iliyojaa, ya kando.
- Kihisi kingine cha SDI-12 unachojua ni kizima. Si lazima kiwe cha aina ile ile.
- Tepu ya mpira inayoshikana yenyewe na mirija ya plastiki inayonywea kwa moto, kwa ajili ya viungo.
- Daftari na kalamu.

Ukiwa na adapta ya USB ya SDI-12, beba. Hakikisha tu kama inatoa volti 12 au inataka umeme wa pembeni, maana zipo za aina zote mbili.

Nadharia, kiasi cha kukuwezesha kufanya kazi

SDI-12 ina nyaya tatu: volti 12, ethi na data. Waya wa data ni mmoja, kwa hiyo loga na kihisi hupokezana zamu. Mwendo wake ni biti 1200 kwa sekunde. Kila herufi hubeba biti moja ya kuanzia, biti 7 za data, biti ya pariti ya shufwa (ya kukagua makosa) na biti moja ya kufungia. Herufi moja huchukua milisekunde 8.33, polepole kabisa kwa viwango vya leo.

Laini ikipumzika hukaa karibu na volti 0. Loga ikitaka kuongea huinua laini kwa angalau milisekunde 12 ili kuviamsha vihisi vyote, kisha hutuma amri inayoanza na anwani na kuishia na alama ya mshangao. Mwenye anwani hiyo anatakiwa aanze kujibu ndani ya milisekunde 15. Wengine hunyamaza. Hakuna kihisi kinachosema bila kuitwa, na ndiyo maana anwani moja ikikosewa kituo kizima kinaweza kuonekana kimekufa.

Hatua ya 1: Soma NAN zako kabla ya kugusa skrubu

Fungua jedwali la data na utazame NAN zimeanza lini na huja saa ngapi. Watu huruka hatua hii wakaishia kupoteza siku, kumbe jibu lilikuwa limeshaandikwa.

NAN zinazoanza saa nane au tisa za usiku na kukoma jua likishapanda ni betri. Haziongopi. NAN zinazokuja baada ya mvua na kuisha baada ya siku mbili za jua ni maji kwenye kiungo au kwenye kizibo cha kupitishia kebo. Kama hakujawahi kupatikana hata namba moja tangu siku ya kufunga, shuku waya, terminali au anwani. Zikiwa zimeanza dakika ile ulipopakia programu mpya, tatizo unalijua. Na kama vihisi vyote vya laini moja vimenyamaza kwa pamoja, basi kitu kimoja kimeishika laini, na hicho kinaweza kuwa kihisi ambacho wala hukukishuku.

Angalia pia safu ya volti za betri. Kama programu yako hairekodi volti za betri, iongezee leo. Ni mstari mmoja tu.

Hatua ya 2: Pakua data, piga picha

Pakua data yote iliyomo kwenye loga kabla ya lolote. Kupakia programu mpya kunaweza kufuta majedwali ya zamani, na data ya masika iliyofutwa haina wa kumdai.

Kisha piga picha za terminali zote kwa simu, kwa karibu, nyaya zikionekana zimeingia wapi. Usitegemee kumbukumbu yako ya asubuhi.

Hatua ya 3: Pima umeme palipo na kihisi

Anza kwenye betri. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 11.8, hiyo imekwisha, hata kama taa ya loga inawaka.

Halafu nenda mwisho wa kebo, kule kihisi kilipo, upime kati ya waya wa umeme na ethi. Kipimo cha SDI-12 kwenye waya wa umeme ni volti 9.6 hadi 16. Pima wakati kihisi kinafanya kazi, kwa sababu volti za kihisi kilicholala hazikuambii kitu. Waya mwembamba hula umeme pale tu umeme unapopita.

Piga hesabu ndogo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.2 una ukinzani wa karibu omu 86 kwa kilomita. Kebo ya mita 60 ni mita 120 kwenda na kurudi, yaani kama omu 10. Kihisi kikivuta miliampia 100, volti moja nzima inabaki njiani. Betri ikiwa 12.6 hutaona shida yoyote. Alfajiri betri ikishuka hadi 10.5, kihisi kinapata 9.5 na kinanyamaza. Ukifika saa nne asubuhi sola imeshachaji, kila kitu ni kizima, unaondoka ukijikuna kichwa.

Onyo: kwenye loga nyingi kihisi hufungwa kwenye terminali ya volti 12 inayowashwa na kuzimwa na programu, kwenye Campbell huandikwa SW12. Ukipima ikiwa imezimwa utapata sifuri na kudhani fyuzi imekatika. Iwashe kwanza, au kwa muda wa majaribio hamishia waya kwenye terminali ya 12V isiyozimwa.

Hatua ya 4: Kagua waya mmoja mmoja

Fuata maelekezo ya mtengenezaji, usifuate rangi kwa mazoea. Hapa ndipo mafundi wazuri wa umeme wa nyumba hujikwaa, kwa sababu wamezoea kuwa mwekundu ndio wa moto. Kwenye kihisi cha udongo cha Decagon 5TM, mweupe ndio wa umeme na mwekundu ni wa data. Kwenye TEROS 12, iliyokuja baadaye, wa umeme ni wa kahawia na wa data ni wa rangi ya machungwa. Kwa zote mbili, waya ulio uchi ni ethi. Ukitoa ya zamani na kuweka mpya bila kusoma karatasi, umeshapotea.

Waya wa data uingie terminali inayokubali SDI-12. Kwenye CR1000X ni C1, C3, C5 na C7. Kwenye CR300 ni C1 na C2. C2 ya CR1000X haifanyi kazi hii, hata ikikazwa vizuri namna gani. Ethi iende kwenye G.

Vuta kila waya kwa vidole, kwa upole. Ukitoka, haukuwa umeshika. Angalia pia kama skrubu imebana shaba au imebana plastiki ya waya: kwa macho kila kitu kinaonekana sawa, lakini umeme haupiti.

Kosa lingine linalojirudia: kihisi kinapewa betri yake ya pembeni kwa sababu kiko mbali, halafu hasi ya betri hiyo haiunganishwi na G ya loga. Volti za data hupimwa dhidi ya ethi. Bila ethi ya pamoja loga inasikia upepo tu. Unganisha hasi mbili hizo.

Mwisho, zima umeme, toa waya wa data kwenye loga, na upime ukinzani kati yake na ethi. Kihisi kimoja kizima hutakiwa kuonyesha makumi au mamia ya maelfu ya omu; kiwango chenyewe kinasema kati ya kiloomu 160 na 360, ingawa multimita na kihisi huweza kupishana kidogo. Ukipata omu chache, au makumi machache, kuna shoti.

Hatua ya 5: Tenga kihisi kimoja

Ondoa vihisi vyote kwenye laini. Chukua kimoja, kifunge kwa kebo fupi moja kwa moja kwenye loga. Hakuna kebo ya mita arobaini, hakuna kiungo, hakuna boksi la katikati.

Najua inachosha, hasa kama kebo zimefukiwa. Lakini ukiacha vihisi vitano kwenye laini na kubahatisha, unaweza kubadilisha vyote vitano bila kujua ni kipi kilichokuwa kinaikaba. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigeuza waya, ukabadilisha programu na kuweka betri mpya kwa mpigo, kituo kikiamka hutajua kilichokiamsha, na kikilala tena wiki ijayo utaanza sifuri.

Hatua ya 6: Ongea na kihisi kwa mkono

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Weka programu pembeni na umuulize kihisi mwenyewe.

Kwenye CR1000X, unganisha kompyuta kwa USB, fungua programu ya Device Configuration Utility, ingia kwenye Terminal, yaani dirisha la kuandika amri. Bonyeza Enter mara kadhaa hadi uone jina la loga na alama ya >. Andika SDI12, bonyeza Enter, kisha chagua terminali ya loga uliyofunga waya wa data. Kihisi kiwe na umeme muda wote huo. Kama kiko kwenye SW12 inayozimwa na programu, rudi kwenye onyo la hatua ya 3.

Andika:

?!

Maana yake ni "nani yuko hapo?" Kihisi kikiwa kizima hujibu kwa herufi moja tu, anwani yake. Kikiwa kipya kutoka kiwandani hujibu:

0

Ukiona hiyo sifuri, vuta pumzi. Umeme upo, waya wa data upo sahihi, kihisi ni kizima. Amri hii itumike kihisi kikiwa peke yake kwenye laini. Vikiwa viwili vyote hujibu kwa pamoja na unachopata ni vurugu. Baadhi ya vihisi vya zamani havijibu ?!, kwa hiyo ukikutana na ukimya jaribu pia 0I!, 1I!, 2I! na kuendelea. Anwani huanza 0 hadi 9, kisha a hadi z na A hadi Z. Herufi ndogo na kubwa ni anwani tofauti.

Ukishajua anwani, omba kitambulisho:

0I!

Jibu ni mstari mrefu. Herufi ya kwanza ni anwani, mbili zinazofuata ni toleo la SDI-12 (13 ni 1.3, 14 ni 1.4), nane ni jina la mtengenezaji, sita ni modeli, tatu ni toleo la kihisi, na pengine namba ya usajili mwishoni. Naipenda amri hii kuliko ?! kwa sababu herufi moja inaweza kupita kwenye laini mbovu kwa bahati, lakini mstari mzima hauwezi. Ukiona jina la mtengenezaji limeharibika, herufi zimepotea au zimegeuka alama za ajabu, una kelele kwenye laini, ethi mbaya, au kihisi cha pili kinachosema juu ya cha kwanza.

Sasa omba kipimo:

0M!

Jibu, tuseme:

00023

Lisome kwa vipande: 0 ni anwani, 002 ni sekunde za kusubiri, 3 ni idadi ya namba zitakazokuja. Subiri. Usiandike chochote, kwa sababu ukikiamsha katikati ya kipimo kinaacha kazi. Kikimaliza mapema hutuma anwani yake peke yake, ikimaanisha "tayari". Ndipo uombe data:

0D0!

0+2.417+24.6+12.1

Namba tatu, kila moja na alama yake ya jumlisha au kutoa. Kwenye kihisi cha maji hizo zinaweza kuwa kina, jotoridi na volti, lakini mpangilio uko kwenye maelekezo, usiukisie. Kama 0M! iliahidi namba tisa na 0D0! imeleta tano, nyingine ziko kwenye 0D1!. Kama 0D0! imerudisha 0 tupu, kipimo kilikatizwa au hukukianzisha. Kama 0M! yenyewe imerudisha 00000, kihisi kinasikia ila hakina cha kupima kwa amri hiyo, jaribu 0M1! au amri iliyoandikwa kwenye maelekezo yake.

Na kikinyamaza kabisa? Funga kile kihisi kizima ulichobeba, terminali ile ile, kebo ile ile. Kikijibu, mshukiwa ni kihisi chako au waya zake. Kisipojibu nacho, tatizo ni loga, terminali au umeme: hamia terminali nyingine, kutoka C1 kwenda C3 kwa mfano, na ujaribu tena. Terminali moja huweza kuungua kwa radi wakati jirani zake ni nzima.

Hatua ya 7: Toa anwani, rudisha kimoja kimoja

Vihisi hutoka kiwandani vyote vikiwa na anwani 0. Ukinunua vitatu ukavifunga kwenye laini moja, vyote vitaitika kwa jina moja na loga haitaelewa kitu. Hili ndilo kosa namba moja la anayeanza, na ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha.

Kihisi kikiwa peke yake kwenye laini, andika:

0A1!

Kitajibu 1. Kuanzia hapo kinaitwa 1. Kiandike anwani kwenye lebo, juu ya kebo, mwisho wa upande wa loga na mwisho wa upande wa kihisi. Kalamu ya kawaida hufutika kwa jua. Tumia ya wino usiofutika na uifunike kwa utepe wazi.

Kisha rudisha kihisi kimoja, jaribu I!, rudisha cha pili, jaribu vyote viwili, na kuendelea. Siku laini inapokufa baada ya kuongeza cha nne, umeshampata mhalifu.

Hatua ya 8: Rudisha kebo ndefu na viungo

Kihisi kinajibu mezani ila hakijibu kwenye kebo yake? Fuata kebo kwa miguu. Tafuta meno ya panya, jembe lililopita, mahali kebo imebanwa na mlango wa boksi.

Kisha fungua viungo. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi wa umeme kitakuonyesha kitu kile kile kila mara: gundi imelowa na kuteleza, shaba imekuwa kijani, na mara nyingine sisimizi wamehamia humo na mayai yao. Usikisafishe na kukifunga tena. Kata sentimita kadhaa kila upande hadi ufikie shaba inayong'aa, chomea kwa risasi, vaa mrija unaonywea kwa moto kwa kila waya, kisha tepu ya mpira juu ya yote. Nyaya za kihisi zikiwa na ngao (wavu wa chuma wa kuzuia kelele), iunganishe upande wa loga tu.

Boksi la loga nalo: vizibo vya kebo viangalie chini, na kebo ikunjwe kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje. Tundu lisilotumika lizibwe. Mijusi hawahitaji tundu kubwa.

Kuhusu urefu: kiwango kimepangwa kwa vihisi 10 vyenye kebo za hadi mita 60. Ukiwa na vichache unaweza kuvuta zaidi, lakini rudi kwenye hesabu ya volti kwanza.

Hatua ya 9: Programu, mwisho kabisa

Kama mkono wako umepata namba na programu inaandika NAN, kosa liko kwenye mistari michache. Kwenye CRBasic, lugha ya programu ya loga za Campbell, itafanana na hii:

Public Maji(3)

SDI12Recorder(Maji(),C1,"0","M!",1,0)

Linganisha na ulichoona kwenye dirisha la amri. Je, C1 ndiyo terminali halisi? Anwani ni ile ile, herufi ndogo kwa ndogo? Nafasi kwenye Maji ni sawa na idadi ya namba zilizoahidiwa na M!?

Halafu muda. Kama programu inawasha SW12 na kuuliza hapo hapo, kihisi bado kinaamka. Weka subira ya sekunde zilizotajwa kwenye maelekezo ya kihisi. Kama M! ilisema sekunde 010 na wewe unapima kila sekunde 5, loga haitawahi na itaruka mizunguko. Ongeza muda wa mzunguko au tumia C!, ambayo huacha vihisi vingi vipime kwa wakati mmoja. Jibu la C! lina tarakimu mbili za idadi badala ya moja, usishtuke.

Ukikwama bado: dalili na pa kuanzia

*Namba zinakuja lakini ni -9999 au zinafanana siku nzima.* Mawasiliano ni mazima. Baadhi ya vihisi hutuma -9999 kusema kipimo kimeshindikana. Tatizo liko kwenye kihisi chenyewe, au hakigusani na udongo, au kina cha maji kimeshuka chini yake. Usiguse waya.

*NAN moja moja, bila mpangilio.* Angalia skrubu zilizolegea, kebo inayopita sambamba na waya wa pampu au jenereta, na betri.

*Vyote vilikufa baada ya radi.* Tenga kila kimoja kama hatua ya 5. Kihisi kimoja kilichoungua huweza kushikilia laini juu. Pima waya wa data laini ikiwa imetulia: inatakiwa iwe karibu na volti 0. Ikiwa imeganda karibu na volti 5, toa kihisi kimoja kimoja hadi ishuke. Kisha kagua nondo ya ethi ya kituo, kwa sababu radi ya pili itakuja.

*Kinajibu kwa adapta ya USB, hakijibu kwa loga.* Terminali, SW12 au programu. Kihisi kiache kilivyo.

*Natumia ESP32 au Arduino badala ya loga.* SDI-12 ni laini ya volti 5. Arduino Uno huivumilia, ESP32 ni ya volti 3.3 na pini zake zinahitaji kigeuzi cha volti katikati. Usiunganishe moja kwa moja ukasema "imefanya kazi jana". Na kihisi kinachotaka volti 12 hakitaridhika na volti 5 za USB.

*Kihisi hakijibu kwenye loga mbili, kwa kebo fupi, na betri iliyojaa, kwa anwani zote.* Sasa ndiyo, kinaweza kuwa kimekufa. Unapoandika kwa muuzaji au mtengenezaji, tuma modeli na namba yake ya usajili, volti ulizopima kwenye nyaya zake kikiwa kimewashwa, picha ya terminali za loga, na nakala ya maandishi yote ya dirisha la amri za SDI-12, pamoja na mistari ambayo haikupata jibu. Bila hayo, jibu la kwanza watakalokupa ni kukuuliza kama umekagua betri.